Wamama na viti vya jimbo
(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano mkuu, Kalemie)



Katiba yetu ya 2006, kifungu cha 14, inasema mwanamuke ako na haki ya kuwa ndani ya vyombo vya inchi, vya jimbo na vya mtaa, na Serikali ihakikishe usawa. Mwaka wa 2015 sheria ya usawa ikafuata. Karatasi iko. Lakini karatasi peke yake hailete kiti.

Tuangalie hapa kwetu Tanganyika. Mwezi wa tano 2022, wabunge wa jimbo walimuchagua Mama Julie Ngungwa kuwa gavana. Mwezi ule ule, wale wa Tshopo wakamuchagua Mama Madeleine Nikomba. Mwaka wa 2024, Lualaba ikamuchagua Mama Fifi Masuka. Basi inawezekana. Ila mufahamu: gavana hatumuchagui sisi. Anachaguliwa na wabunge wa jimbo, na hao njo tunawachagua. Wamama wakikosa pale, sauti yao inakosa siku ya gavana, siku ya bajeti, na siku ya kuuliza barabara ya Moba imefikia wapi.

Tangu 2022, sheria ya uchaguzi inasamehe pesa ya dhamana kwa liste yenye wamama nusu. Ni vizuri. Lakini mama, wakikuita uandike jina, uliza kwanza: nitafanya kampeni, ao ninajaza liste tu?

Sisi tuliorudi kutoka Zambia na Tanzania, kizuizi cha kwanza ni karatasi. Mama asiye na karte ya kura hachagui wala hachaguliwi. Hapo njo kazi yetu. Wafadhili, hatuombi hata franga moja ya kampeni. Shirika hili halina chama. Tunaomba usafiri wa kufikisha wamama wa vijiji kwa ofisi ya etasivili, na masomo ya jioni ya kusoma na kuandika.

Na tuanze nyumbani. Kamati yetu ni watu saba, mama ni mumoja, naye anashika sanduku. Munamuamini na pesa yenu yote; mbona hamumuamini na kiti cha mbele? Kura ya kamati iko karibu. Wamama, mutoe majina. Wababa, muyaunge mkono.