Amani ya Siku Moja

Mazungumzo ya redio kwa majira ya Krismasi
Somo: 2 Wafalme 6:8–23, Warumi 12:18–21

Leo nasema na watu wote, lakini hasa na ninyi wa Kipsing na sehemu nyingine za Isiolo, ambako Msamburu, Mturkana na jirani zao wengine hutafuta majani yale yale na maji yale yale. Ninyi mnajua jinsi ilivyo kulala mkisikiliza mbwa wakibweka, msijue anayekuja ni mgeni au ni adui.

Mwaka 1914, vita kuu ya kwanza ya dunia ilipokuwa na miezi mitano tu, Waingereza na Wajerumani walikuwa wamejichimbia mahandaki huko Ubelgiji na Ufaransa. Mahali pengine handaki la huyu lilikuwa karibu sana na la yule hata wakasikiana wakikohoa. Katikati walilala maiti ambao hakuna aliyethubutu kwenda kuwazika.

Mapema mwezi wa Desemba, Papa Benedikto wa 15 aliwaomba wakuu wa mataifa wanyamazishe bunduki siku ya Krismasi. Wakuu hawakukubali. Lakini usiku wa tarehe 24, Wajerumani mahali pengi waliwasha mishumaa juu ya miti midogo, wakaiweka ukingoni mwa mahandaki, wakaanza kuimba nyimbo za kuzaliwa kwa Bwana. Waingereza wakaitika kwa nyimbo zao. Kulipopambazuka, mmoja mmoja walitoka mikono mitupu. Walipeana mikono, tumbaku na vyakula, wakaonyeshana picha za jamaa zao.

Kisha walizika wafu wao. Karibu na Fleurbaix, Ufaransa, kasisi wa kikosi cha Waskoti aliongoza ibada ya maziko pamoja na kijana Mjerumani aliyekuwa akisomea uchungaji. Zaburi ya 23 ilisomwa kwa Kiingereza na kwa Kijerumani. Watu waliokuwa wakiwindana walisimama pamoja, wakakiri kwamba Mchungaji wao ni mmoja.

Ndugu zangu, ingefaa habari iishie hapo, lakini haikuishia hapo. Baada ya siku chache bunduki zililia tena. Krismasi ya mwaka 1915 wakubwa wa majeshi walikuwa wamekataza kabisa jambo hilo, na ni wachache waliothubutu kulirudia. Vita hiyo ilitufikia na sisi wa Afrika Mashariki. Wapagazi wetu walikufa kwa makumi ya maelfu, kwa njaa na maradhi kuliko kwa risasi. Hata mji wa Isiolo ulipata baadhi ya wakazi wake wa kwanza kutoka kwa askari wa Kisomali waliotumikia Waingereza. Huko Ulaya silaha ziliwekwa chini tarehe 11 Novemba 1918, na huku kwetu Wajerumani walijisalimisha tarehe 25 ya mwezi huo huo.

Basi, je, amani ile ya siku moja ilikuwa bure? La. Ilionyesha kwamba adui ni mtu. Lakini ilikosa kitu. Waliopeana mikono hawakuwa na mamlaka ya kumaliza vita, na wenye mamlaka hawakutaka kupeana mikono.

Sasa tutazame somo letu. Washami walikuwa na desturi ya kuingia Israeli kwa vikosi vya kunyang'anya. Katika sura ya tano twasoma kwamba katika uvamizi mmoja walichukua mpaka msichana mdogo, wakamfanya mtumishi wa mke wa Naamani. Ninyi mmeona nyayo za mifugo iliyoswagwa usiku. Mwaelewa habari hiyo kuliko wengi. Siku moja Mungu aliwatia Washami mikononi mwa mfalme wa Israeli, katikati ya Samaria. Mfalme akamwuliza Elisha kama awapige. Elisha akakataa, akaagiza wapewe mkate na maji. Wakaandaliwa karamu kubwa, wakala, wakanywa, wakarudishwa kwao salama. Na Biblia yasema vikosi vile havikuja tena.

Angalieni tofauti. Hapa mfalme mwenyewe ndiye aliyeandaa meza. Aliyekuwa na nguvu za kuua ndiye aliyelisha.

Nasi hatukosi mifano. Mwaka 2001 wazee na viongozi wa jamii za wafugaji, pamoja na wa Isiolo, walikutana Modogashe wakapatana juu ya malisho, maji, silaha na mifugo inayoibwa. Hawakutosheka kusema tupendane. Walitafuta masharti ambayo kila jamii ingeulizwa kwayo. Hiyo ni hekima, kwa sababu mtu aliyeibiwa ng'ombe hatulizwi kwa wimbo peke yake. Zakayo naye hakumkaribisha Yesu mezani tu. Aliahidi kurudisha alichonyang'anya.

Lakini mapatano nayo huchakaa. Mstari unaofuata somo letu wasema kwamba baadaye mfalme wa Shamu alikuja tena na jeshi lake lote. Ninyi mchimbao visima katika mchanga wa mto mkavu mnajua jambo hili. Kisima kilichotoa maji msimu uliopita hufukiwa na mafuriko. Hakuna anayekaa ukingoni akisema, kisima ni uongo. Huchukua jembe akachimba tena. Amani ndiyo hivyo hivyo.

Kwa hiyo, Krismasi hii, mzee, usimbariki kijana anayekwenda kuvamia. Mama, usimwimbie sifa arudipo na mifugo ya wengine, wala usipike nyama yake. Kijana, ukimjua mwenye ng'ombe, sema. Nawe Mkristo uliyeumizwa, ambaye kaburi la ndugu yako bado ni jipya, sikuambii usahau. Mtume Paulo hakusema ni rahisi. Alisema tufanye kadiri tuwezavyo kwa upande wetu, na kisasi tumwachie Mungu. Anza na maji. Jirani wa kabila lingine akifika kisimani na wanyama wenye kiu, mpe zamu yake.

Kumbukeni kwamba habari za amani ya Mungu zilifika kwanza kwa wachungaji waliokesha usiku wakilinda kundi. Hazikuanzia kwa wafalme.

Tuombe. Ee Bwana, uliyezaliwa kati ya mifugo, uingie katika manyatta zetu na za wale tunaowaogopa. Utupe moyo wa kurudisha kilicho cha wengine, na nguvu za kuchimba tena palipofukiwa. Kwa jina lako tunaomba. Amina.