Kabla ya Tiketi: Maandalizi ya Kufundisha Kiingereza Vijijini China

(Mada iliyotolewa kwa kamati za sharika na wafadhili)



Tumeombwa kuzungumzia jambo ambalo limeanza kuingia katika ajenda za vikao vyenu: vijana wanaoomba mchango ili wasomee cheti cha kufundisha Kiingereza, kisha waende vijijini China. Wapo wanaosukumwa na wito, wapo wanaosukumwa na mshahara, nasi hatuoni dhambi katika hilo la pili. Swali ni wapi fedha ya usharika iingie. Sisi tunasema iingie kwenye maandalizi ya darasani kwanza.

Mahitaji yenyewe ni ya kweli. Mwaka 2001 China iliamua Kiingereza kianze kufundishwa darasa la tatu la shule ya msingi. Katika mtihani wa kuingia chuo kikuu, majimbo mengi hukipa alama 150 kati ya 750. Mtoto wa mkulima wa Gansu naye hupimwa, hata kama mwalimu wake hana mtu wa kuzungumza naye lugha hiyo nje ya darasa.

Wakristo wa China waliliona hili mapema. Shirika la Amity, lililoanzishwa mwaka 1985 na makao yake Nanjing, lilipokea walimu kutoka makanisa ya ng'ambo na kuwapeleka hasa kwenye vyuo vya ualimu. Busara yake iko wazi: mgeni hukaa mwaka mmoja au miwili akaondoka, lakini mwalimu mzawa aliyenolewa hubaki na watoto mpaka anastaafu.

Sasa kozi. Cheti kinachotambulika huwa cha saa 120 hivi, na siku hizi nyingi husomwa kwa intaneti. Hapo ndipo wasiwasi wetu ulipo, maana mtu anaweza kumaliza saa zote bila kushika chaki. Wamarekani wa Peace Corps, waliokuwa China kuanzia 1993 hadi 2020, walifanya vingine. Waliwaweka wageni wao Chengdu katika familia za Kichina, wakajifunza lugha, na kufundisha wanafunzi halisi huku wakisimamiwa.

Darasa la kijijini laweza kuwa na wanafunzi hamsini au zaidi, waliozoea kukariri na kuitikia pamoja. Michezo iliyobuniwa kwa watu kumi na wawili haifai pale. Kinachowezekana ni kazi ya wawili wawili: kila mmoja amgeukie jirani yake amuulize swali, darasa zima lizungumze kwa wakati mmoja. (Kelele zitafika ofisini kwa mkuu wa shule, ni vyema aarifiwe mapema.) Walimu wa shule zetu za kata wanalifahamu darasa la namna hiyo kuliko vitabu vingi vya kozi.

Aidha, sheria za China haziruhusu mgeni kutafuta waumini. Anayekwenda kufundisha afundishe. Kumtuma na ajenda ya siri ni kumdanganya mwenyeji wake, na gharama yake huangukia Wakristo wa pale.

Mwisho ni suala la kibali. Kanuni za kazi hutaka mwalimu wa lugha afundishe lugha yake ya mama, awe na shahada, na awe na uzoefu wa miaka miwili au cheti cha ualimu. Kwa kijana wetu sharti la kwanza ni kikwazo kikubwa, hata Kiingereza chake kiwe kizuri namna gani. Wakala anayemwambia aende kwa viza ya masomo au ya biashara, mengine yatarekebishwa akifika, anampeleka kwenye faini, mahabusu na kurudishwa nyumbani.

Kwa hiyo tunapendekeza usharika uchangie kozi yenye mazoezi ya kufundisha. Hiyo haipotei hata kibali kikikataliwa, kwa kuwa madarasa yenye msongamano tunayo hapa. Tiketi isubiri kibali kilichoombwa na mwajiri. Kamati yenye barua ya namna hii mezani iilete ofisini kwetu pamoja na nakala ya mkataba, kabla harambee haijatangazwa.