Mnyonge Aliyeitwa Shujaa

Somo: Waamuzi 6:11–16



Katika somo letu la leo tunamkuta kijana mmoja akipura ngano ndani ya shinikizo la zabibu. Hapo si mahali pa kupuria ngano. Ngano hupurwa mahali pa wazi, penye upepo wa kupeperusha makapi. Lakini Gideoni alikuwa amejificha, kwa maana Wamidiani walikuwa wakiyanyang'anya mavuno ya Israeli. Malaika wa Bwana akamtokea, akamwita shujaa. Gideoni hakulipokea jina hilo. Alijibu kwamba jamaa yake ndiyo maskini katika Manase, na yeye mwenyewe ndiye mdogo katika nyumba ya baba yake.

Jibu hilo twalijua. Twalisikia tunapomwomba kijana asome somo kanisani, au mama aongoze maombi. "Mimi? Hapana, mchungaji, mtafute mwingine." Kwa wengine ni adabu tu. Lakini kwa wengine ni ugonjwa unaowala kwa ndani. Yuko kijana aliyeanguka mtihani, naye sasa hujifungia chumbani. Yuko mama asiyejua kusoma, akaaye siku zote kwenye benchi la nyuma. Yuko baba aliyepoteza kazi, naye huwakwepa wazee wenzake njiani. Hawa hawasemi mengi. Wanapura ngano yao mafichoni.

Leo twapenda kuwatafutia msaada mahali ambapo pengine hamkupatazamia, yaani katika hadithi za picha zisomwazo na watoto wetu. Wazazi wengi huziona kuwa upuzi. Lakini wazee wetu walitufundisha kwa visa vya sungura na fisi, na Bwana wetu alifundisha kwa mifano ya chachu na kondoo aliyepotea. Basi tuwatazame watatu katika hadithi za Marekani.

Wa kwanza ni mtoto aitwaye Charlie Brown. Alichorwa na Bwana Charles Schulz, akaonekana kwa mara ya kwanza tarehe 2 Oktoba 1950, katika magazeti saba tu. Schulz mwenyewe aliyajua mashaka, kwani alipokuwa mwanafunzi michoro yake ilikataliwa isitiwe katika kitabu cha mwaka cha shule yake. Basi akamchora mtoto asiye na bahati. Charlie Brown ni kiongozi wa timu ya besiboli, mchezo wa kupiga mpira kwa gongo, na timu yake hushindwa karibu kila mara. Msichana aitwaye Lucy humshikia mpira ili aupige teke, na akija mbio, Lucy huuondoa ghafula, naye huanguka chali. Tena Lucy huyo amejifanya daktari wa mioyo. Ana kibanda chake, na kwa senti tano humweleza Charlie Brown kasoro zake.

Twamcheka, lakini tazameni jambo moja. Majira ya michezo yakirudi, Charlie Brown naye yuko uwanjani. Mvua ikinyesha na wenzake wakiondoka, yeye angali amesimama mahali pake. Hakungoja mashaka yaishe ndipo aende. Alikwenda pamoja na mashaka yake. Wahenga walisema, kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Tena tujifunze tusimpelekee Lucy senti zetu. Kila mmoja wetu anacho kibanda anachokwenda kuambiwa kwamba hafai; pengine ni kwa jirani, pengine ni sauti ya moyoni usiku wa manane. Mungu alipomwita Gideoni hakuuliza kwanza majirani wanasemaje juu yake.

Wa pili ni Linus, ndugu yake Lucy. Ni mtoto mwerevu, aijuaye Biblia, lakini hawezi kuachana na blanketi lake. Hulishika popote aendapo, huku akinyonya kidole gumba. Tarehe 9 Desemba 1965, hadithi ya Krismasi ya watoto hao ilionyeshwa katika televisheni huko Marekani. Wenzake Schulz waliona mashaka kusoma Injili katika katuni, lakini yeye alishikilia kwamba isomwe. Katika hadithi hiyo Charlie Brown amekata tamaa, naye auliza kwa sauti kuu kama yuko mtu ajuaye maana ya Krismasi. Linus akaenda katikati ya jukwaa, akasimulia kwa moyo habari za wachungaji wa Bethlehemu, kama zilivyo katika Luka mlango wa 2. Na alipofika pale malaika anapowaondolea wachungaji hofu, blanketi likamtoka mkononi likaanguka.

Hakuna aliyemnyang'anya. Hakuna aliyemtia haya mpaka akaliacha. Alikuwa akitangaza habari kubwa kuliko hofu yake, na mkono ukafunguka wenyewe.

Na alipomaliza, aliliokota tena. Jambo hili latufariji sisi tunaodhani kwamba mashaka yakirudi, basi imani yetu ilikuwa bure. Gideoni naye, hata baada ya kuitwa, aliomba ishara ya ngozi ya kondoo, si mara moja bali mara mbili. Mungu hakumtupa.

Wa tatu ni kijana Peter Parker, ambaye watoto humjua kwa jina la Spider-Man, yaani mtu-buibui. Alitungwa mwaka 1962 na Stan Lee pamoja na mchoraji Steve Ditko. Ni yatima wa New York, aliyelelewa na ami yake Ben na mkewe May. Ana nguvu za ajabu, lakini hana amani. Siku moja alimwacha mwizi apite, akisema hayamhusu, na mwizi huyo ndiye aliyekuja kumwua Ben. Tangu hapo kijana hujiuliza kama anafaa kitu.

Katika toleo la Februari 1966 tunamwona amelemewa na mtambo mzito wa chuma, na maji yanavuja kutoka juu. Mbele yake, mahali mkono wake usipofika, iko dawa ya kumponya May, aliye mahututi. Ajaribu kuinuka, ashindwa. Ajiona amekwisha. Kisha awakumbuka wale wawili waliomlea. Ajaribu tena, na chuma kile chainuka.

Kijana huyu hakuinuka kwa kujisifu mbele ya kioo. Aliacha kuuliza, "Je, mimi ni mtu wa namna gani?" akauliza, "Nani atampelekea May dawa?" Upendo ulimtoa macho katika nafsi yake.

Lakini hapo hadithi za picha zafika mpaka wake. Parker alikuwa peke yake chini ya chuma, na wako wengi walio chini ya chuma ambao nguvu zao zimekwisha kabisa. Gideoni alipewa zaidi. Bwana hakubishana naye, wala hakumwambia kwamba jamaa yake ni matajiri. Alimwahidi tu kwamba Yeye mwenyewe atakuwa pamoja naye. Baadaye jeshi la watu 32,000 likapunguzwa mpaka 300, ili Israeli wasije wakasema kwamba mkono wao ndio uliowaokoa. Ukiuliza, "Mimi ni nani?" Mungu hukujibu kwa kukuambia ni nani aliye pamoja nawe. Naye alikupenda, akamtoa Mwanawe kwa ajili yako, kabla hujaonyesha kwamba unafaa.

Basi, ndugu msikilizaji unayejificha, juma hili fanya jambo moja tu ambalo umelikwepa. Toka chumbani uwaamkie wazee. Kubali kuomba katika jumuiya. Omba kazi tena. Nenda na hofu yako, ukimtazama yule anayekuhitaji. Nasi wazazi na walimu, tusifungue kibanda cha Lucy nyumbani mwetu. Mtoto akileta ripoti mbaya kutoka shuleni, aonywe, lakini asiitwe mjinga. Malaika alimwita Gideoni shujaa angali shimoni.

Na tuombe. Ee Bwana, wewe wawajua waliojificha asubuhi ya leo. Waite kwa jina ulilowapa. Uwe pamoja nao watokapo, na wakianguka uwainue tena. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.