Breki Isiyotumika Hushika Kutu

Somo letu la leo ni habari ya breki za motokaa za umeme, na jinsi ya kuzikinga na kutu.

Labda mmoja wenu atasema, "Mimi sina motokaa. Nina jembe na baiskeli." Vema. Basi tuanze na jembe.

Wakati wa kulima pamba, jembe lako hung'aa, kwa kuwa udongo hulisugua kila siku. Kazi ikiisha, ukaliacha mahali panapovuja, utalikuta jekundu. Kwa nini? Kwa sababu chuma kikikutana na maji na hewa hushika kutu. Jembe linalolima husuguliwa, na kutu haipati nafasi. Jembe linalolala huliwa na kutu. Lishikeni neno hili, maana ndilo somo zima.

Sasa tutazame motokaa ya petroli. Ndani ya gurudumu mna sahani ya chuma, nayo huitwa diski. Dereva akikanyaga breki, vipande viwili viitwavyo pedi huibana diski hiyo, kimoja upande huu na kimoja upande ule. Gurudumu hupunguza mwendo, na diski husuguliwa. Mvua ikinyesha usiku, asubuhi diski huwa na kutu nyembamba. Dereva akikanyaga breki mara tatu au nne, kutu hiyo hutoka. Si neno.

Motokaa ya umeme ni tofauti. Haina injini ya petroli, ina betri kubwa na mota. Dereva akitaka kupunguza mwendo, mota hiyo hugeuka kuwa mtambo wa kuzalisha umeme. Magurudumu huizungusha, nayo hurudisha umeme katika betri. Mnaijua dinamo ya baiskeli. Ukiibana kwenye tairi taa huwaka, lakini miguu yako huona uzito. Uzito ule ule ndio unaopunguza mwendo wa motokaa ya umeme.

Hili ni jambo jema. Umeme haupotei bure, na pedi hudumu muda mrefu. Lakini kila jema lina gharama yake. Pedi zisipoigusa diski kwa siku nyingi, diski inakuwa kama lile jembe ukutani. Maji na matope ya mbuga hukaa juu yake. Kutu huingia ndani, diski hupata mashimo madogo, na vyuma vinavyosukuma pedi hugandamana.

Na ubaya wake ni huu: dereva hajui. Kila siku motokaa yake husimama vizuri, kwa sababu mota ndiyo inayoisimamisha. Kisha siku moja ameijaza betri yote. Debe lililojaa halipokei maji, na betri iliyojaa haipokei umeme. Siku hiyo mota haiwezi kusaidia sana, na kazi hurudi kwa pedi na diski. Tuseme yuko katika barabara ya lami itokayo Lamadi kupita Bariadi na Maswa. Mara mtoto anakimbia kumfuata ndama barabarani. Dereva anakanyaga kwa nguvu. Je, breki iliyolala miezi mingi itaamka saa hiyo?

Basi, tufanye nini? Sikilizeni mashauri sita.

Kwanza, tumia breki kwa makusudi. Mara moja kila juma, katika barabara iliyonyoka na isiyo na watu, wala gari nyuma yako, kanyaga breki kwa nguvu mara kadhaa ukiwa katika mwendo wa kadiri. Motokaa nyingi, ukiweka gia kwenye herufi N, mota huacha kusaidia, na pedi hufanya kazi peke yake. Lakini soma kwanza kitabu cha motokaa yako.

Pili, ukiosha motokaa au ukipita majini, usiiegeshe papo hapo. Iendeshe kidogo na kukanyaga breki ili diski ikauke.

Tatu, usiiache motokaa ikisimama kwa majuma mengi wakati wa mvua. Itoe, itembee.

Nne, tazama kwa macho na sikiliza kwa masikio. Diski njema hung'aa na ni laini. Ikiwa ina rangi ya kutu hata baada ya safari, au inakwaruza, au motokaa inavuta upande mmoja, nenda kwa fundi. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Tano, mwambie fundi afungue breki, asafishe, na kupaka grisi ya breki mahali panapostahili. Kampuni ya Tesla ya Marekani huwashauri watu wa nchi za baridi, ambako barabara humwagiwa chumvi kuyeyusha barafu, wafanye hivyo kila mwaka au kila kilometa 20,000. Chumvi huharakisha kutu. Kwa hiyo ndugu zetu wa Tanga, Dar es Salaam na Unguja, wanaopigwa na upepo wa bahari, nao waangalie sana.

Sita, na hili msilisahau: jembe hupakwa mafuta lisishike kutu, lakini diski na pedi usizipake mafuta kamwe. Breki yenye mafuta huteleza, na motokaa haisimami.

Watengenezaji nao wamelifikiria jambo hili. Volkswagen ya Ujerumani, ilipoanza kuuza motokaa yake ya umeme iitwayo ID.3 mwaka 2020, iliyawekea magurudumu ya nyuma breki za dramu, ambazo zimefunikwa, maji hayaingii kwa urahisi.

Huko Nairobi mabasi ya umeme yalianza kubeba abiria mwaka 2022. Huenda kesho mwanao akawa dereva wa gari la namna hiyo, nawe ukawa abiria wake. Umwulize, "Mwanangu, breki zako zilisuguliwa lini?" Na wewe unayejifunza kusoma leo utaweza kumfungulia kitabu na kumwonyesha kwa kidole palipoandikwa.

Sasa jibuni darasani:

1. Kwa nini jembe linalolima halishiki kutu?
2. Dinamo ya baiskeli inafanana vipi na mota ya motokaa ya umeme?
3. Kwa nini betri iliyojaa huongeza kazi ya pedi na diski?
4. Ni kitu gani kisichopakwa mafuta, na kwa sababu gani?

Kwaherini, mpaka somo lijalo.