Chachu Isife Mikononi Mwetu
(Mazungumzo ya ofisi ya miradi na vikundi vya akina mama waokaji mikate, Nemba, Biharamulo)



Tunashukuru kwa kutupokea tena hapa Nemba. Mara ya mwisho tulipopita kuwatembelea tulikuta tanuri mbili kati ya zile tulizojenga pamoja zimegeuka mahali pa kuku kutagia mayai. Leo hatukuja kumlaumu mtu. Tulipokaa na kutafakari tulitambua kuwa kosa la kwanza lilikuwa letu sisi wa ofisini.

Tuliwafundisha kujenga tanuri, kukanda unga na kuandika hesabu. Lakini hamira tulikuwa tukiileta sisi wenyewe kwenye gari la mradi. Mradi ulipofika mwisho, gari halikuja tena, na hamira nayo haikuja. Ya dukani mara ipo, mara haipo. Na nyingine imekaa kwenye joto muda mrefu hata imeisha nguvu. Mnakumbuka kikundi kilichokanda kilo 10 za unga wa kukopa. Unga haukuumuka, mikate ikatoka kama matofali, na deni likalipwa kwa mbuzi wa mwenyekiti. Mama yule hajadai mbuzi wake mpaka leo. Sisi tunaona tunadaiwa naye.

Kwa hiyo leo tumekuja na jambo dogo ambalo tulipaswa kuanza nalo: jinsi ya kutengeneza chachu nyumbani, kuilisha na kuihifadhi, ili mwokaji asiwe mtumwa wa pakiti.

Chachu si jambo geni

Mama zetu, jambo hili mnalijua tayari kwa jina lingine. Nani hapa hajaona maji ya ndizi yakichanganywa na unga wa mtama yakaanza kuchemka bila moto? Nani hajanywa togwa? Majirani zetu wa Ethiopia hutengeneza mkate wao uitwao injera kwa kuhifadhi kidogo ya majimaji ya donge la jana, na kuyatia katika donge la leo. Kule pwani, bibi zetu waliumua vitumbua kwa tembo la mnazi kabla hamira ya pakiti haijaenea. Na yule mwanamke wa mfano wa Bwana Yesu katika Mathayo sura ya 13, aliyeificha chachu ndani ya unga, hakwenda dukani. Alikuwa nayo nyumbani.

Ni katika karne ya 19 tu ambapo mwanasayansi Mfaransa, Louis Pasteur, alionyesha kuwa kinachoumua ni viumbe hai vidogo visivyoonekana kwa macho. Katika chachu ya nyumbani viumbe hao ni wa aina mbili. Kuna hamira ya asili, inayotoa hewa ya kuumua mkate, na kuna bakteria wanaotengeneza ukali, sawa na wale wa maziwa ya mgando. Ukali huo ndio mlinzi wa chachu, kwa sababu wadudu wengi waharibifu hawawezi kuishi humo. Watafiti, akiwamo Dk. Wilbald Lorri wa Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania, walichapisha mwaka 1994 utafiti ulioonyesha kuwa watoto waliopewa uji uliochachushwa waliugua kuhara mara chache zaidi. Huo ni uji, si mkate, lakini unaonyesha kuwa bibi zetu hawakuwa wajinga.

Kuanzisha

Chukua chupa ya mdomo mpana au bakuli la udongo, uoshe kwa maji ya moto. Usitumie sufuria ya alumini, maana ukali huila. Tia vijiko vinne vya unga na vijiko viwili vya maji yaliyochemshwa yakapoa. Unga wa ngano isiyokobolewa ni bora, kwa kuwa viumbe hao hukaa kwenye ganda la nafaka. Ukikosa, changanya unga mweupe na kijiko kimoja cha unga wa ulezi. Koroga, funika kwa kitambaa safi, weka mbali na jua na moshi.

Kila siku, saa ile ile, bakiza vijiko viwili vya mchanganyiko, ongeza vijiko vinne vya unga na viwili vya maji. Kinachoondolewa siku hizo za kwanza kitupwe, kisiliwe.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo wengi huanguka. Siku ya pili au ya tatu mchanganyiko utafura kwa nguvu na kunuka vibaya. Utashangilia. Kisha siku ya nne utakaa kimya kama umekufa. Haujafa. Wale waliofura mwanzoni ni bakteria wengine, na ukali ulipoongezeka wakashindwa kuendelea. Wale tunaowataka ndio kwanza wanakua. Endelea kulisha. Kwa kawaida kati ya siku ya saba na ya kumi na nne utaona mchanganyiko unapanda kila unapolishwa, una mapovu, na harufu yake ni kama ya matunda na mtindi. Ukidondosha kijiko kimoja katika maji na kikaelea, chachu iko tayari.

Kulisha na kuhifadhi

Chachu ni kama mfugo. Inakula, inachoka, inaugua. Katika joto letu, chachu laini hulishwa asubuhi na jioni. Asiyeweza kulisha mara mbili aifanye donge gumu kama la chapati, kwa kupunguza maji. Donge gumu huchacha polepole, na kulisha mara moja kwa siku kunatosha. Kuna pia njia ya chungu ndani ya chungu, katikati mchanga uliolowanishwa, juu kitambaa kibichi. Maji yanapokauka huondoka na joto. Mwalimu mmoja wa Nigeria, Mohammed Bah Abba, alipata tuzo ya kimataifa mwaka 2000 kwa kueneza njia hiyo ya kuhifadhi mboga. Nasi tunaweza kuitumia kwa chachu.

Jifunzeni dalili. Maji ya kijivu juu ya chachu, au harufu kali kama ya rangi ya kucha, maana yake ni njaa. Mwaga maji hayo, lisha mara mbili tatu, itarudi. Lakini ukiona ukungu, au michirizi ya rangi ya waridi au ya machungwa, usionje na usikwangue juu ukabakiza chini. Tupa yote, chemsha chombo, anza upya. Tena chachu haisafishi unga mbovu. Mwaka 2016 wenzetu wa Dodoma na Manyara walifariki kwa sumukuvu iliyokuwa katika nafaka. Unga wenye ukungu haufai kwa chachu wala kwa ugali.

Kuna jambo la tatu, nalo ndilo lililotuleta. Kikundi kimoja tulichokipa chachu kilimkabidhi mama mmoja aitunze. Mama yule akapata msiba kwao, akakaa wiki tatu. Aliporudi, chachu imeota ukungu, na wenzake wakamgombeza. Ndugu zangu, mfiwa hagombezwi kwa ajili ya chupa. Kosa lilikuwa kuweka uhai wa kikundi kizima katika nyumba moja.

Kwa hiyo kila kikundi kiwe na chachu katika nyumba tatu, na akiba kavu katika nyumba ya nne. Kukausha ni rahisi. Chukua chachu iliyolishwa na kupanda, ipake nyembamba juu ya karatasi safi ya nailoni, ianike kivulini penye upepo, si kwenye jua kali wala karibu na jiko. Ikikauka hata kuvunjika, isage kwa mkono, weka katika chupa kavu iliyofungwa vizuri. Itakaa miezi mingi. Siku ya shida, loweka kijiko kimoja katika maji ya uvuguvugu, ongeza unga, lisha siku mbili tatu, nayo itaamka.

Je, si pombe?

Swali hili tuliulizwa na mzee wa kanisa, naye aliuliza kwa nia njema. Baadhi ya akina mama waliokoka waliacha kikundi kwa sababu chupa inanuka kama pombe, wakaogopa kusemwa. Tusiwacheke. Wengine wanajua pombe iliyafanyia nini makazi yao.

Jibu letu ni hili. Ndiyo, hamira inapokula unga hutoa hewa na kilevi kidogo. Hamira ya pakiti hufanya vivyo hivyo, na hakuna aliyewahi kuikataa. Ndani ya tanuri, moto hufukuza sehemu kubwa ya kilevi hicho, na mkate haumlevyi mtu. Aliyeondoka kwa sababu hiyo afuatwe nyumbani, aelezwe kwa upole, na arudi.

Kuoka

Kwa kilo 1 ya unga wa ngano, tumia nusu kikombe cha chachu iliyopanda, vikombe viwili na nusu vya maji, na vijiko vitatu vya chai vya chumvi. Kanda jioni, funika, acha usiku kucha. Alfajiri tengeneza mikate, iache ipande tena saa moja au mbili, kisha oka. Usikimbize; chachu hii haina haraka ya pakiti. Na kabla ya kutumia chachu, bakiza kwanza ya kesho. Tumeona mtu akikanda yote kwa furaha, kisha akabaki na chupa tupu.

Ngano hailimwi hapa kwetu, na bei yake hutegemea mambo ya mbali. Mwaka 2022, vita vya Ukraine vilipoanza, bei ya ngano ilipanda duniani kote. Chachu haitashusha bei ya unga. Itawaondolea gharama moja, si zote. Mnaweza kuchanganya unga wa muhogo uliotayarishwa vizuri, sehemu moja kwa tisa za ngano. Mkizidisha, mkate hautapanda, kwa kuwa muhogo hauna ule mnato wa ngano.

Mwisho

Ndugu wapendwa, leo hatukuleta pakiti hata moja. Tumeleta chupa sita za chachu na karatasi yenye maelekezo haya. Hatutaki kusikia kwamba ofisi imeleta chachu. Tunataka, tukipita tena, tukute chupa ambazo hatukuzileta sisi, katika nyumba ambazo hatujawahi kuingia.

Chupa ya kwanza tunaomba apewe mama yule aliyetoa mbuzi. Ya pili apewe yule aliyefiwa. Hizo nyingine mgawane wenyewe.