Majina ya watu ndani ya kompyuta kuukuu
Maneno ya vijana wa kujitolea mbele ya familia zilizokimbia vita na machefu wa mitaa, Kindu, Maniema

Tunawashukuru hasa wale waliovuka Lualaba kwa mtumbwi kutoka Alunguli ili kutusikiliza.

Tumekuja kuzungumza juu ya kompyuta. Wengine mtajiuliza: sisi tunatafuta turubai, unga na karo ya watoto, kompyuta yatuhusu nini? Inawahusu kwa sababu majina yenu yamo ndani yake. Tunapopita nyumba kwa nyumba tunaandika jina la mkubwa wa familia, kijiji alikotoka, idadi ya watoto, namba ya simu na mahali anapolala. Mara nyingine tunaandika pia kilichomkimbiza. Orodha hiyo ndiyo inayoleta msaada. Lakini ikiangukia mikononi mwa mtu mwenye silaha, inamwonyesha nani ametoka upande gani na analala wapi. Katika nchi ambapo watu wameuawa kwa sababu ya kijiji walikozaliwa, hilo si neno dogo.

Jambo hili limekwisha kutokea kwa wakubwa kuliko sisi. Mwezi wa Januari 2022, Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu ilitangaza kwamba wavamizi waliingia katika kompyuta zilizotunza habari za watu zaidi ya 515,000: watu waliotengana na jamaa zao kwa sababu ya vita, maafa au uhamiaji, watu waliopotea, na wafungwa. Kazi hiyo ya kutafuta jamaa wengi wenu mnaijua. Wavamizi waliingia tarehe 9 Novemba 2021 kupitia tundu la programu lililokuwa bado halijazibwa, wakagunduliwa tarehe 18 Januari. Kama shirika lenye mafundi wake liliguswa, sisi wenye kompyuta za kupewa tusemeje?

Nyingi zilichoka kwa wengine ndipo zikatufikia. Kuna yenye Windows XP, ambayo Microsoft iliacha kuirekebisha tarehe 8 Aprili 2014. Windows 7 ilifuata Januari 2020, na msaada wa kawaida wa Windows 10 uliisha Oktoba 2025. Maana yake tundu jipya likionekana, hakuna wa kuliziba. Mwezi wa Mei 2017, kirusi kiitwacho WannaCry kilipita kwenye matundu yasiyozibwa katika nchi zaidi ya 150, kikafunga mafaili hata ya hospitali za Uingereza na kudai malipo.

Watu hutushauri tuzitupe. Hatukubali. Kompyuta kuukuu isiyounganishwa na intaneti hata kidogo ni sanduku zuri la majina, ikikaa katika chumba chenye ufunguo. Orodha za familia ziko kwenye mashini moja ya namna hiyo. Nakala iko kwenye flashi yenye neno la siri, nayo inatunzwa na mama mmoja wa kamati, mbali na ofisi. Barua na ripoti tunaziandika kwenye mashini nyingine tuliyoiwekea Linux nyepesi, kwani inakubali mashini yenye nguvu ndogo na bado inapata marekebisho.

Flashi ndizo zinazotusumbua kuliko vyote. Inatoka ofisini, inapelekwa mahali pa kuchapisha karatasi, inarudi na kirusi kinachoficha mafaili na kuweka ya uongo mahali pake. Kijana anabonyeza, basi. Kwa hiyo flashi ya nje haikaribii mashini ya orodha, hata ikiwa ya mkubwa gani.

Si kila shida ni uvamizi. Kompyuta ya zamani ikipoteza tarehe hudhani ni mwaka 2005, inakataa kufungua tovuti salama, na vijana wanapiga kelele kwamba tumeingiliwa. Dawa ni betri ndogo ya duara, kama ya saa.

Mashini ikifa kabisa, haiendi sokoni na diski yake. Kufuta faili hakuondoi maandishi. Fundi anaweza kuyarudisha. Diski tunaitoa na kuivunja kwa nyundo mbele ya mashahidi wawili.

Machefu, tunawaomba hivi: anayetaka orodha, awe na cheo chochote, aandike barua akisema anaitakia nini, na wajumbe wa familia wajulishwe. Tangu 2023 nchi yetu ina sheria ya mambo ya dijitali inayolinda habari za mtu, kwa hiyo msituone wabishi. Nanyi familia, mna haki ya kuuliza tumeandika nini juu yenu na kutaka kosa lisahihishwe. Kabila hatuandiki, kijana akikuuliza kabila lako, usijibu, na utuletee habari.

Jumamosi asubuhi mashini ya orodha itawashwa kwa ajili yenu, familia moja moja, mlango ukiwa umefungwa. Asiyejua kusoma atasomewa na mtu atakayemchagua mwenyewe.