Shawa ya Umeme: Uangalie Waya wa Ethi

Msikilizaji, asubuhi ya Julai pale Nairobi au Arusha maji ya bomba hupenya mpaka mifupani, na shawa ya kupasha maji papo hapo, isiyo na tangi, ni neema. Lakini nakusihi, usikubali iungwe kwenye waya wa taa ya bafuni. Shawa ya wati 5,400 kwenye umeme wa volti 240 huvuta ampea 22.5, ilhali hata soketi ya kawaida ni ya ampea 13. Waya mwembamba utapata moto na plastiki yake italainika ukutani, usijue mpaka unuse moshi.

Fundi mwenye leseni aivutie laini yake kutoka kwenye breka, kwa waya mnene. Waya wa ethi, ule wa kijani na njano, wengine huukunja tu na kuuacha ukining'inia. Simama uuone ukifungwa.

Maji ya kisima yenye chumvi hupitisha umeme zaidi. Nunua shawa iliyotengenezwa kwa ajili ya maji hayo. Fungua maji kwanza, ndipo uwashe. Ukihisi bomba linakutekenya, zima swichi kuu, na mtu asioge humo mpaka fundi afike.